TELEVISHENI NAYO NI ELIMU

Wapo wanaocheka wakisikia kwamba televisheni ni somo la Chuo Kikuu. Huuliza: kuna taaluma gani katika kukaa mkekani na kutazama mchezo? Sisi tunasema kicheko hicho hakina msingi.

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wasomi wa Uingereza walikuwa wakiijenga elimu hii. Chuo Kikuu cha Birmingham kilianzisha kituo cha taaluma za utamaduni mwaka 1964, na mmoja wa wakuu wake, Stuart Hall, alikuwa mtu wa kisiwani kama sisi, mzaliwa wa Jamaica. Mwaka 1973 alieleza kwamba mtengenezaji wa kipindi hutia maana yake, lakini mtazamaji si chungu cha kumiminiwa: huikubali maana hiyo, huipima, au huikataa, kwa mujibu wa maisha yake.

Jambo hilo latuhusu. Mzee wa Micheweni na kijana wa Mji Mkongwe wakitazama tamthilia moja ya kigeni, hawaoni kitu kimoja. Nani amewauliza wameona nini? Na taarab, ambayo ukumbini watu huinuka kwenda kutunza, hubadilika vipi inapopigwa mbele ya kamera?

Kumfundisha kijana kushika kamera ni jema, lakini halitoshi. Ajuaye kuendesha mashine bila ya kujua inasema nini ni kama tarishi achukuaye barua asiyoijua.

Kwa hivyo tunawaomba viongozi wa Serikali na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar mambo mawili. Kwanza, televisheni isomeshwe kama utamaduni, bega kwa bega na fasihi na historia. Pili, kanda za zamani zinakiliwe, zihifadhiwe, na wanafunzi wafunguliwe mlango wa kuzitazama. Kanda haistahamili joto na unyevunyevu wa visiwa vyetu; ikiharibika, huondoka na sura na sauti za wazee wetu, na mwalimu hubaki hana cha kusomesha.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Basi na tuanze kuzinusuru kanda hizo sasa, kabla hazijaoza.