Bunduki ya uwindaji iliyotumika: Muuzaji husifu kitako, mnunuzi aulize mtutu

MKAZI wa mjini ana uzoefu wa kutosha katika kununua vitu vilivyotumika. Anajua kusikiliza injini ya gari lililotoka Japani, na anajua kugeuza koti la mtumba ili aone mshono wa ndani. Lakini linapokuja suala la bunduki ya uwindaji, uzoefu huo humtupa mkono. Hakuna mnada wa kila wiki wala orodha ya bei anayoweza kuitazama, na mara nyingi muuzaji ni mmoja tu, tena aliyepatikana kupitia rafiki wa rafiki.

Katika mazingira hayo, bei hupangwa kwa kile kinachoonekana: mng'aro wa chuma, mti wa kitako, jina la kiwanda na darubini iliyofungwa juu. Kwa mtu anayetaka kuwinda, hivyo ndivyo vitu vyenye uzito mdogo kuliko vyote.

Kabla ya kugusa chuma, suala la kwanza ni karatasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haimruhusu raia kumiliki silaha bila leseni, na leseni hiyo ni ya mtu. Haihami pamoja na bunduki. Mwenye nayo akifariki, mtoto wake harithi leseni kwa kuwa tu amerithi kabati ambamo silaha ilikuwa ikihifadhiwa. Anapaswa kufuata utaratibu wa Polisi kama mwombaji mwingine yeyote.

Ndiyo maana hadithi mbili zinazosikika sana katika mauzo ya aina hii zinastahili kutiliwa shaka. Ya kwanza ni ile ya "bunduki ya marehemu mzee", ambayo huenda ikawa ya kweli kabisa na bado ikawa haiuziki mpaka taratibu zikamilike. Ya pili ni ya bunduki "iliyoachwa na mzungu mwindaji". Mgeni anayekuja kuwinda huingia na silaha yake kwa kibali cha muda, na hutarajiwa kuondoka nayo. Ikiwa kweli aliiacha, lazima pawepo nyaraka zinazoeleza ilibakije. Zisipokuwepo, bei haijadiliki tena, kwa sababu hakuna kinachouzwa isipokuwa kesi.

Ikumbukwe kwamba mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki wa silaha zinazomilikiwa na raia nchini. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama bunduki anayoonyeshwa ilipita katika uhakiki huo, na kulinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa katika kitabu cha leseni. Namba iliyokwaruzwa au kuchongwa upya humaliza mazungumzo papo hapo.

Baada ya karatasi, risasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Uingereza vilitengeneza bunduki za mitutu miwili kwa ajili ya tembo na nyati, na nyingi kati ya hizo zilifika Afrika Mashariki. Kiwanda cha Kynoch kilipoacha kutengeneza risasi zake kubwa, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wamiliki wengi walibaki na bunduki nzuri zisizo na chakula. Kaliba ya .458 Winchester Magnum, iliyotolewa mwaka 1956, ilichukua nafasi kubwa iliyoachwa wazi. Uzalishaji wa risasi hizo za zamani ulifufuliwa baadaye, lakini zimebaki adimu na ghali. Hivyo kaliba ya .375 Holland & Holland, iliyoanza mwaka 1912 na bado inatengenezwa na viwanda vingi, ina thamani zaidi kwa mwindaji wa hapa kuliko kaliba ya kifahari ambayo risasi zake huagizwa moja moja. Tena .375 ndiyo kaliba ya chini inayotakiwa nchini kwa wanyama hatari kama nyati, na bunduki iliyo chini ya hapo haifai kulipiwa bei ya bunduki ya nyati.

Sasa chuma. Bunduki ya uwindaji hubebwa mno kuliko inavyofyatuliwa. Mwindaji anaweza kutembea nayo msimu mzima porini na kupiga risasi chache tu. Matokeo yake, nje hukwaruzika kwa miiba, kwa mkanda na kwa kutupwa nyuma ya gari, wakati ndani ya mtutu kungali kuzima. Kuna pia bunduki ambayo haikuwahi kwenda porini, iliyolala miaka kumi ndani ya ala ya ngozi katika nyumba ya Tanga au Dar es Salaam, ikinyonya unyevu wa bahari. Hiyo huweza kung'arishwa nje ikapendeza, na mashimo ya kutu yakabaki ndani. Kati ya hizo mbili, ya kwanza ndiyo yenye thamani, na ya pili ndiyo inayotajiwa bei kubwa.

Mnunuzi asikubali kutazama mtutu uliojaa mafuta, kwani mafuta huficha. Bunduki ikishathibitishwa kuwa haina risasi na komeo limetolewa, mtutu upitishwe kitambaa kikavu, kisha utazamwe kwa mwanga kutokea nyuma. Michirizi inayozunguka ndani inapaswa kuwa na kingo kali tangu mwanzo hadi mdomoni. Doa jeusi lenye umbo la pete linaweza kuashiria kwamba mtutu ulivimba baada ya kufyatuliwa ukiwa umezibwa na tope au kitu kingine, na bunduki ya namna hiyo haifai kwa bei yoyote. Bunduki za zamani zilizotumia risasi zenye kiwashio cha chumvichumvi ndizo zinazohitaji jicho kali zaidi, kwa kuwa masalia yake huita kutu yasipooshwa upesi.

Kitako nacho kitazamwe, ingawa si kwa uzuri wa mti. Bunduki zenye teke kubwa kama .458 hupasua mti nyuma ya chuma, mahali ambapo ufa mwembamba huonekana kama mstari wa asili wa mbao. Kisha kizuizi cha usalama: bunduki ikiwa tupu na imekokiwa, kizuizi kifungwe, triga ivutwe na kuachiwa, halafu kizuizi kifunguliwe. Ikilia "ta" wakati huo, ni hatari kwa mwenye nayo na kwa wote walio karibu naye. Nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi haipimwi kwa macho. Hiyo ni kazi ya fundi bunduki mwenye vipimo vyake, na ada yake ni ndogo ukilinganisha na jicho.

Jina la kiwanda je? Nchini Marekani, Winchester Model 70 zilizotengenezwa kati ya 1936 na 1963 huuzwa ghali kuliko zilizofuata, kwa kuwa mwaka 1964 kiwanda kilibadili muundo ili kupunguza gharama, na wawindaji hawakupendezwa. Lakini sehemu ya bei hiyo hulipwa na wakusanyaji, ambao wataikataa bunduki iliyopakwa rangi upya au kutobolewa tundu jipya. Mwindaji wa Morogoro hana sababu ya kulipia hisia za mkusanyaji wa Texas.

Bei yenyewe basi ianzie kwa bunduki mpya ya kaliba na daraja hilohilo, kisha makosa yapunguzwe moja moja. Chukulia bunduki inayotajwa kwa Sh6 milioni, darubini ikiwemo. Darubini ikadiriwe peke yake, maana mara nyingi ukungu umeshaingia kwenye vioo. Ikiwa kitako kina ufa, gharama ya kukitengeneza itolewe. Ikiwa mtutu umeliwa, hakuna punguzo linalofaa, kwani kuubadilisha huhitaji fundi na kibali, na kunaweza kumeza faida yote ya kununua kilichotumika. Mikwaruzo ya nje ipewe uzito mdogo, ingawa mnunuzi mjanja ataitaja kwa sauti.

Mwisho, fedha zisitangulie leseni. Maombi huanzia ngazi ya mtaa au kijiji na kupanda hadi Polisi, na huweza kukataliwa. Makubaliano ya maandishi yanapaswa kueleza kwamba malipo yatakamilika umiliki utakapobadilishwa kisheria, na kwamba hadi siku hiyo bunduki itabaki mikononi mwa yule ambaye jina lake limo kwenye leseni.