Maiti Haulizwi Sanda

Wageni wafikapo Tabora hupelekwa Kwihara kulitazama tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Husimuliwa habari zake na za Stanley, kisha huondoka. Ni wachache wanaokumbushwa kwamba mnamo Oktoba 1873 Livingstone alirejea Kwihara akiwa maiti, mabegani mwa watumishi wake. Na kwamba hapo hapo palizuka swali ambalo hata leo linazikabili familia nyingi za nchi hii, Bara na Visiwani: mtu akifia ugenini, ni nani mwenye wajibu wa kumrudisha kwao?

Tuikumbuke habari yenyewe. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakashika njia. Kwihara walimkuta Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike hapo kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Walipofika Kasekera, mashariki ya Tabora, wenyeji hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao. Ndipo wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe kuizika. Na maiti yenyewe wakaifungasha mfano wa robota la nguo, ikapita. Mnamo Februari 1874 wakaifikisha Bagamoyo. Huko wengi wao walilipwa ujira wao na kuagwa. Maiti ikavuka hadi Unguja, na tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

Watu hao hawakuwa na cheo, wala hapakuwa na mkataba uliowalazimisha. Walitumia miezi tisa hivi.

Sasa tuitazame kazi ya wenye vyeo na mikataba. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikufa mwaka 1898, na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika Ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo katika muda wa miezi sita. Lilirudi Uhehe mwezi Juni 1954, baada ya miaka 35. Ahadi ilikuwapo, tena yenye sahihi za mataifa makubwa. Aliyekosekana ni mtu wa kuifuatilia siku hadi siku. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba, kwa kupima nasaba za wazao, wamelitambua fuvu la akida wa Mangi Meli wa Moshi. Rais wa Ujerumani alifika Songea mwezi Novemba mwaka huo huo, akaomba radhi kwa maovu ya vita vya Majimaji. Radhi tumeisikia. Lakini kutambua si kurudisha, na wazee wanaosubiri kuzika hawaishi milele.

Hatuandiki haya kwa ajili ya machifu peke yao. Wapo vijana wetu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, wanaosoma Ulaya, wanaoendesha malori na kupika mahotelini katika nchi za mbali. Mmoja wao akifa, familia hujikuta inatafuta cheti cha kifo, kibali cha ubalozi, hati ya kutia dawa maiti, jeneza lililozibwa na nauli ya ndege. Karatasi ya michango huzungushwa msikitini, kanisani na sokoni, huku matanga yamekwisha anuliwa na maiti bado haijafika. Mwaka 1873 maiti ilifichwa ndani ya robota ili ipite. Leo hulipiwa waziwazi kama shehena. Na ikitua Dar es Salaam, jamaa wa Tabora wana zaidi ya kilomita 800 za kuisindikiza, kwa njia ile ile ya misafara ya kale.

Ndugu zetu wa Visiwani watasema, na wana haki kusema, kwamba sheria ya dini yao inahimiza maiti izikwe upesi, hata ugenini. Kweli. Lakini aliyezikiwa Muscat naye ana mama Unguja au Pemba, na mama huyo anastahili kujua mwanawe alikufaje, amelala kaburi lipi, na mshahara wake uliobaki umekwenda wapi. Sayyida Salme alizikwa Hamburg mwaka 1924 pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja. Asiyeweza kurudi, naye hutamani chochote cha kwao.

Watakuwapo maofisa watakaosema kwamba hazina haiwezi kumlipia kila aliyeondoka kwa hiari yake. Hatuombi hivyo. Tunaomba, kwanza, kwamba kila mkataba wa kazi ya ng'ambo utaje kwa maandishi ni nani atakayelipia kurudishwa kwa maiti au mazishi ya huko, na kwamba bima ya gharama hiyo ilipwe na mwajiri au wakala kabla kijana hajapanda ndege. Pili, kwamba katika kila ubalozi wetu awepo ofisa mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye familia ya Urambo au ya Wete itaweza kumpigia simu ikajibiwa. Tatu, kwamba mafuvu yaliyoko Ujerumani yapangiwe tarehe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 juu ya haki za wafanyakazi wahamiaji, katika Ibara ya 71, unazitaka nchi zilizouridhia zirahisishe kurudishwa kwa maiti za wafanyakazi. Hivyo hatuombi upendeleo. Tunaomba lile ambalo ulimwengu umekwisha kulikubali.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Ni kweli haulizwi, kwa sababu hawezi kujibu. Wanaopaswa kujibu ni walio hai. Susi na Chuma walijibu, kwa maiti ya mgeni. Serikali zetu mbili haziwezi kufanya pungufu ya hayo kwa maiti za watoto wao wenyewe.