Tupu si sifuri: korongo wa Suam na takwimu zetu

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Suam. Jioni moja nikaona korongo taji wawili wakiruka kutoka kinamasi cha upande wetu, wakavuka mto na kutua Uganda. Hawakugonga muhuri uhamiaji wala hakuna aliyewaandika. Mzee mmoja jirani akasema zamani walikuja makundi makundi. Nikamuuliza, "Wangapi, mzee?" Akacheka: "Nani alihesabu, kijana wangu?"

Jibu hilo limenikaa kichwani. Sisi wa hifadhidata tunajua kwamba tupu si sifuri. Sifuri ni "tulitafuta, hatukupata". Tupu ni "hakuna aliyetafuta". Ukichanganya hizo mbili, ndege anaweza kutoweka kijijini na ramani isionyeshe tofauti yoyote. Na korongo taji, ndege wa bendera ya Uganda, yumo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka tangu 2012. Vinamasi anamozaa vinageuzwa mashamba.

Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, umelitatua hili kirahisi. Nchi imegawanywa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Unachagua mraba, unautembelea kwa saa 2 au zaidi, unaandika kila aina ya ndege uliyoiona au kuisikia. Kwa kuwa umeandika zote, korongo akikosekana kwenye orodha nyingi, kukosekana kwake kuna maana. Programu ya simu ya BirdLasser hurekodi hata pasipo mtandao. Tena miraba haikomei mpakani, kwani mradi wa atlasi ya ndege wa Afrika nzima hutumia miraba hiyo hiyo.

Sasa maoni yangu, hasa kwa wenzangu tunaoandika programu. Tuache kuunda programu mpya ya ndege kila ufadhili unapopatikana, inayokufa pesa zikiisha. Data ikiandikwa kwa Darwin Core, kiwango kilichopitishwa 2009, inaweza kuungana na ya Uganda ndani ya GBIF na kuishi kuliko mradi wenyewe. Kazi iliyobaki ni yetu: kuingiza majina ya Kisabaot na Kibukusu, na kumrudishia mzee wangu ramani aliyosaidia kuijaza.

Yeye anawajua ndege kuliko mimi. Kinachokosekana ni safu ya kumwandikia.