STAA KALIPWA KIMYAKIMYA, MUUZA GLASI WA MBAGALA IMEKULA KWAKE!

Mjini hapa! Mwigizaji mmoja mwenye jina lake Bongo aliagiza meza ya vipodozi kutoka Guangzhou, ile yenye kioo na taa pembeni. Boksi likafika Kariakoo limebonyea, kioo vipandevipande. Akaingia laivu Insta, akalia mpaka kope bandia zikabanduka. Komenti zikafurika. Siku mbili baadaye video ikafutwa, ikasemekana wakala wa mizigo "kayamaliza kiutu uzima".

Mashabiki makofi pwaa! Wanashangilia nini sasa?

Wiki hiyohiyo, ofisi ileile, binti mmoja wa Mbagala anayeuza vyombo mtandaoni kafungua boksi lake kakuta glasi zimekuwa chengachenga. Mtaji wenyewe wa kausha damu, marejesho kila siku. Akageuziwa risiti aone maandishi madogo nyuma: vitu vya kuvunjika ni juu ya mteja. Alipouliza ile "bima" aliyokatwa, akajibiwa eti ni ya mzigo uliopotea tu.

Kumbe hela ya kulipa ipo! Ila inamfuata mwenye wafuasi wengi. Hiyo siyo fidia, ni hela ya kumziba mtu mdomo.

Wapo watakaosema binti mzembe, si angesoma risiti? Asome saa ngapi, wakati risiti kapewa ameshalipa na mzigo ameshaukabidhi?

Mawakala waache usanii. Bima siyo neno la kunogesha bango. Bima ya kweli ina kampuni iliyosajiliwa na TIRA, ina namba, ina karatasi inayosema nini kinalipwa na nini hakilipwi. Mteja asipopewa karatasi hiyo, anachotoa ni sadaka.

Na staa naye asijitoe ufahamu. Alikuwa na nafasi ya kusema "mimi nimelipwa, na wengine walipwe". Akafuta video, halafu wiki iliyofuata kaposti tangazo la wakala yuleyule: "mzigo salama, usiogope." Usiogope wewe mwenye wafuasi!

Sasa asiye na jina afanye nini? Silaha yake ni ushahidi. Boksi lifunguliwe palepale ofisini, simu inarekodi. Likiwa limebonyea, aandike hivyo kwenye karatasi ya kupokelea KABLA ya kusaini, maana ukisaini safi umekubali umepokea kizima. Boksi na maboya yake visitupwe, kwa sababu kampuni za bima hupenda kusema mzigo ulifungwa vibaya. Kisha barua ya madai yenye kiasi, picha na risiti ya kununulia, abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kulalamika kwa simu ni kupoteza vocha.

Na asichelewe. Mzigo wa ndege kutoka nje, Mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 14 tu tangu kupokea, na malalamiko yawe ya maandishi. Tena fidia ya shirika la ndege huwekewa kikomo kwa kilo, siyo kwa bei, labda kama thamani ilitangazwa mapema na kulipiwa. Simu ya milioni mbili haifiki hata robo kilo, piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana bima inatakiwa.

Kampuni ya bima ikizingua, TIRA wanapokea malalamiko. Wakala akizingua, kuna Tume ya Ushindani, kazi yake pia ni kumlinda mlaji. Wakipelekewa mafaili hamsini ya akina binti wa Mbagala, hayo maandishi madogo nyuma ya risiti yatatafutiwa majibu. Machozi ya laivu yanamlipa mtu mmoja tu.

Haya, nani kashawahi kulipwa mzigo uliovunjika bila kuwa staa? Dondosha komenti yako hapo chini, na ile "bima" uliyokatwa ulipewa karatasi yake?