Kokeshi na Jina la Aliyemkereza

Mwanachama akirudi kutoka Tohoku siku hizi hatumuulizi tena kama ameleta kokeshi. Tunamuuliza ameleta wangapi. Rafu ya chumba cha chama imejaa wanasesere hawa wa mbao wasio na mikono wala miguu, na katikati yao wamesimama daruma wekundu, wengi wakiwa na jicho moja tu kwa kuwa mitihani haijaisha. Tunafurahi kuwaona. Lakini tuna neno, na tumeshalitoa mkutanoni: kokeshi asiyejulikana amekerezwa na nani asipewe nafasi kwenye rafu ile mpaka aliyemleta amtafutie fundi wake.

Wenzetu wanasema tunaleta urasimu kwenye starehe za watu. Haya, tueleze.

Kokeshi wana asili yao kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Honshu, mwishoni mwa enzi ya Edo. Mafundi waliokuwa wakikereza mabakuli na sinia walianza kukereza pia wanasesere, wakawauzia wageni waliokuja kupumzika kwenye chemchemi za maji moto. Kila bonde likawa na mtindo wake. Kokeshi wa Naruko, mkoani Miyagi, ukimzungusha kichwa hulia kama panya, kwa sababu kichwa hicho hupachikwa kwa nguvu wakati kerezo bado linazunguka. Wa Tsugaru, huko Aomori, hutoka katika kipande kimoja cha mti, na mara nyingi tumboni amechorwa uso wa daruma. Wa Nanbu, mkoani Iwate, kichwa chake hulegalega, na kwa asili hakupakwa rangi hata kidogo, maana alikuwa kitu cha kumpa mtoto mchanga anyonye. Ufundi ulipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, au kwa mwalimu hadi kwa mwanagenzi. Mgeuze kokeshi wa jadi utazame chini: sahihi ya fundi ipo pale.

Tunayajua haya kwa sababu kuna watu waliouliza. Mwaka 1928 Amae Tomiya wa Sendai alitoa kitabu kuhusu wanasesere hawa, na wakusanyaji waliomfuata walipanda milima kijiji kwa kijiji wakiandika nani alifundishwa na nani. Hata jina tunalolitumia ni matunda yao. Zamani kila mahali waliitwa kivyake, deko, kideko, hoko. Mwaka 1940 kikao kilichofanyika Naruko kilikubaliana juu ya neno moja, kokeshi, na kwamba liandikwe kwa hiragana. Waliosoma habari za Kiswahili sanifu na kamati yake ya mwaka 1930 watatabasamu hapa.

Hiragana ile si jambo dogo. Kwenye meza yetu katika tamasha la chuo, mgeni mmoja alitueleza kwa uhakika kabisa kwamba “ko” ni mtoto na “keshi” ni kufuta, kwa hiyo kokeshi ni ukumbusho wa watoto waliouawa wakati wa njaa. Hadithi hiyo ilianza kuvuma miaka ya 1960, na wataalamu wa kokeshi hawaikubali. Inapendwa kwa sababu inasisimua. Mfikirie mzee aliyekereza kitu cha kumfurahisha mjukuu wa mtu, halafu asikie hayo.

Sababu nyingine inatoka nyumbani. Wazaramo wa pwani ya Tanzania wana mwana hiti, mwanasesere wa mbao ambaye mwali alikabidhiwa akiwa ndani ili amtunze kama mtoto. Kiwiliwili kama gogo, kichwa chenye mtindo wa nywele, mikono hakuna, miguu hakuna. Ukimweka kando ya kokeshi utadhani ni ndugu, ingawa hawana uhusiano wowote. Mwana hiti wengi wako kwenye makumbusho ya Ulaya, na kibao chao mara nyingi husema: Wazaramo, Tanzania, mbao. Basi. Mchongaji alikuwa na jina, na wateja waliomsifu, lakini aliyemchukua mwana hiti yule hakuuliza, au aliuliza asiandike. Mtu anayeumizwa na kibao hicho hawezi kununua kokeshi kituo cha treni na kuitupa karatasi iliyokuja naye.

Tunajua wanafunzi hawana fedha, na kokeshi wa bei rahisi wa dukani hana sahihi. Huyo akae chumbani kwako, hatumchukii. Daruma nao tunawasamehe: wale wa Takasaki ni wa karatasi, na desturi ni kuwarudisha hekaluni wakachomwe mwaka unapokwisha, hawakuumbwa kukaa rafuni milele.

Kwa wengine tunaomba kadi moja tu, kwa Kiswahili na Kijapani: jina la fundi, mahali, aina ya mti, na nani alimleta. Muhula ujao tunataka pia kwenda kutazama vinyago vya Wamakonde, watu ambao angalau baadhi ya wachongaji wao, kama Samaki Likankoa, majina yao yamebaki. Atakayekuja aje na daftari. Tutapita kinyago kwa kinyago tuhesabu wangapi wametajwa.