Wacheni Kuwauzia Watoto Darubini ya "Mara 675"

Kuna boksi linazunguka sana mtandaoni siku hizi. Nje limechorwa Zohali, pete zake zinang'aa kama mkufu wa harusi, na kando ya hiyo picha kuna namba kubwa nyekundu: mara 675. Ndani unapata darubini yenye mdomo wa milimita 60, lenzi za jicho tatu, kidude kinaitwa Barlow, filta ya kijani ya mwezi, filta nyeusi ya jua, na stendi yenye miguu myembamba kama ya korongo. Watu wananunua. Na wasee wanaotengeneza kontenti kama mimi, wengine wana wafuasi mara kumi ya wangu, wanalifungua mbele ya kamera wakipiga mayowe, wanaweka linki hapo chini, wanaenda zao. Sijaona hata mmoja akiitoa hiyo darubini nje usiku.

Hiyo namba ni ujanja. Wacha niwaonyeshe umepikwa vipi.

Kila darubini ina umbali wa fokasi, yaani safari ambayo mwanga unatembea mpaka ukutane mahali pamoja. Umeandikwa kwenye bomba: F900 ni milimita 900. Lenzi ya jicho, ile ndogo unayochomeka mahali pa kuchungulia, nayo ina namba yake: 20, 12, 4. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. 900 kwa 20 ni mara 45. 900 kwa 4 ni mara 225. Sasa pachika hapo katikati Barlow ya mara tatu. 225 mara 3, ndiyo hiyo 675 yao. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hii ni hesabu ya praimari.

Kitu hawakuandikii ni kwamba mwanga unaoingia unategemea upana wa mdomo wa darubini, na mdomo hauongezeki ati kwa sababu umebadilisha lenzi ya nyuma. Kanuni ya watu wa darubini ni rahisi: chukua upana wa mdomo kwa milimita, zidisha kwa mbili, hapo ndio mwisho. Milimita 60 inakupa mara 120, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukipita hapo unafanya kama mama mwenye supu ya watu wanne na wageni wamefika kumi. Unaongeza maji, bakuli zote zinajaa, lakini supu iliisha kitambo. Sayari inakuwa kubwa, giza, na ukungu mtupu.

Na hii ndiyo inaniuma. Mtoto wa mtaa akichungulia mara ya kwanza akaona ukungu, hatasema darubini ni mbovu. Atasema yeye ndiye hajui kuangalia. Atasema mambo ya anga ni ya watu wa Karen na watalii wa Mara. Darubini inaingia chini ya kitanda, inakaa na suitkesi ya mjomba, imeisha hiyo. Na hii ni nchi ambayo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Iliitwa Uhuru. Nani anaambia watoto hiyo?

Niko Ziwani, kwa zile nyumba za zamani za kaunti, Gikomba ni hapo tu. Ukitoa darubini kwa plot huangalii peke yako, sahau. Ukiiweka chini tu, kuna laini ya watoto kumi na wawili, mama wa jirani, na mzee mmoja ambaye anataka kujua kama hiyo kitu inaweza kuona Mombasa. Hapo ndipo mara 675 inakufa kabisa, kwa sababu dunia inazunguka. Nyota zinahama digrii moja kila dakika nne. Ukiwa na lenzi ya milimita 25 kwenye bomba la 900 unapata mara 36, na kama hiyo lenzi inafungua digrii 50, Mshtarii, ile wengi tunaiita Jupita, inachukua dakika tano na nusu kuvuka duara. Watoto sita wameshaona. Kwa ile lenzi yao ya milimita 4 sayari inakatiza kwa sekunde kama 40. Weka na Barlow juu, ni sekunde 14. Mtoto wa kwanza anafunga jicho moja, wa pili akiinama Jupita imeshaenda, na stendi ya korongo imeshatikisika mara tatu.

Kuna msee lazima ataandika hapa chini: "Bro, si kila mtu ana doh, heri hiyo kuliko kukosa." Sawa. Lakini mimi sijasema bomba ni baya. Galileo mwaka 1610 aliona miezi minne ya Jupita kwa darubini ya mara 20 hivi. Ishirini! Hilo bomba la milimita 60, kwa mara 36, linakuonyesha miezi hiyo hiyo minne imejipanga kama shanga, pete za Zohali zikiwa zimeinama vizuri, na mashimo ya mwezi mpaka uchoke. Ubaya uko kwa vikorokoro. Wamechukua bomba la kawaida wakalizungushia takataka ili boksi lionekane limejaa.

Lenzi zilizoandikwa H ni muundo wa Christiaan Huygens, karne ya 17. Siku hizi mara nyingi zinakuja za plastiki, na kuchungulia ndani yake ni kama kuchungulia kwa mrija. Unachotaka ni Plössl, muundo ambao Georg Simon Plössl wa Vienna alitoa mwaka 1860: vioo vinne vimepangwa wawili wawili, picha safi, duara pana. Anza na ya milimita 25. Ikikukolea, ongeza ya 10. Halafu simama hapo, mwaka mzima. Yangu ya 10 ilinitoka elfu mbili na mia tano pamoja na usafiri, na hakuna siku nimejuta. Usinunue Plössl ya milimita 4, kioo kiko karibu na jicho mpaka kope zinakipaka mafuta, na kama unavaa miwani ndio usijaribu. Barlow ya mara mbili, ya kioo, hiyo ni poa, lakini ni ya baadaye.

Kabla hujatuma pesa, muulize muuzaji swali moja: tundu la lenzi ni milimita ngapi? Akisema 31.7, endelea, hiyo ndiyo saizi ya dunia nzima. Akisema 24.5, hilo ni tundu la zamani na hutapata lenzi nzuri ya kuingia hapo kirahisi. Asipojua, funga mazungumzo.

Upande wa pili wako mabingwa wa Ulaya na Marekani wenye video za saa nzima. Wanajua, siwakatai, lakini wanaongea na watu wa kwao. Watakwambia nunua stendi ya ikweta, uilenge kwa Nyota ya Kaskazini. Manze, sisi tuko digrii moja na kitu kusini ya ikweta. Hiyo nyota kwetu iko chini ya upeo, hutaiona hata upande juu ya KICC. Na nyingi ya hizo stendi haziwezi kuinamishwa mpaka digrii moja. Inaitwa stendi ya ikweta, na mahali inasumbua zaidi ni ikweta! Chukua stendi ya kawaida, juu na chini, kushoto na kulia. Kama ni nyembamba, ning'iniza mtungi wa lita tano wa maji katikati ya miguu, itatulia. Ama chora unachotaka upeleke kwa fundi wa mbao Gikomba, atakutengenezea kitu kizito kuliko chochote kwenye boksi.

Kwetu sayari zinapita karibu na utosi. Hiyo ni baraka ambayo mtu wa London hana, kwa sababu mwanga unapita hewa kidogo na picha inatulia. Lakini shingo itakufa. Kwa hivyo kile kiwiko chenye kioo, kinachopinda mwanga digrii 90 ili uangalie ukiwa umeinama vizuri, ni cha maana kuliko filta zako zote tano. Boksi nyingi zinakuja na kiwiko cha digrii 45, cha kuangalia ndege. Hicho wape watu wa ndege.

Filta za kupunguza mwanga wa mji? Hapana. Mulika mwizi ya mtaa wetu ni taa nyeupe za LED, hizo filta zinafanya kidogo sana. Mwezi na sayari hazijali mulika mwizi, ziangalie hapa hapa. Vitu hafifu, subiri Desemba, beba darubini ushago. Saa mbili usiku Kilimia imeshapanda, ile ambayo wakulima walihesabia msimu, na kwa mara 36 inajaza duara lote. Na usinunue chochote Julai ukitarajia kutumia Julai, Nairobi hiyo miezi ni mawingu tu.

Sasa ile filta nyeusi ya jua, ya kuchomeka kwa lenzi ya jicho. Hapa sicheki na mtu. Darubini ya milimita 70 inakusanya mwanga mara 100 ya jicho lililofunguka lote, na joto hilo lote linakutana karibu na mahali hicho kioo kidogo kimekaa. Kikipasuka, jicho lako liko nyuma yake, na retina haina hisia ya maumivu. Utajua umeungua baadaye. Filta ya jua inakaa mbele, ikifunika mdomo wote wa darubini, imefungwa kabisa, au huangalii jua. Hata miwani ya kupatwa kwa jua haitumiki nyuma ya darubini. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kivuli kamili kitapita Misri mpaka ncha ya Somalia, na sisi Kenya tutaona sehemu. Najua siku hiyo hizo boksi zitatolewa chini ya vitanda. Ikiwa uliwahi kuweka linki ya hiyo kitu, rudi kwa hiyo video leo uwaambie watu waitupe.

Mimi niliitwa na muuzaji mmoja nitangaze. Nikamwambia sawa, lakini nitaitoa nje usiku na nitasema nilichoona, na filta ya jua naitoa kwenye boksi mbele ya kamera. Meseji ya mwisho iko na tiki mbili za bluu mpaka leo.

Kabla hujanunua chochote, chungulia kwanza ya mtu. Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wamekuwa wakizungusha darubini kwa shule za nchi hii tangu 2014, fuatilia wanakoenda. Aliye na boksi tayari, asione haya. Niandikie hapo chini namba ya F, upana wa mdomo, na lenzi ulizopewa, nitakupigia hesabu ujue gani ya kubaki nayo na gani ya kumpa mtoto achezee.