Ng'ombe wa Nani?

Mfugaji wa Mtambile, hapa Pemba, hana zizi la kuhesabiwa kwa mamia. Ana ng'ombe wawili, pengine watatu, kila mmoja na kamba yake, wanahamishwa asubuhi kutoka mnazi huu hadi ule, na mtoto akitoka chuoni huwabebea dumu la maji. Ng'ombe hao ndio walimao bonde la mpunga, ndio wavutao gari la kuni na matofali, na shida ikibisha hodi ndio wauzwao.

Masika yakizamisha malisho au ndigana ikipita, Serikali ina wajibu. Sheria Namba 1 ya 2015 iliunda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, na ng'ombe aliyekufa maafani ni maafa kama nyumba iliyoezuliwa paa. Tatizo huanza pale malipo yanapofika kwa sheha na swali likaulizwa: ng'ombe wa nani?

Kwetu ng'ombe hufugishwa. Mwenyewe yuko Chake, yuko Unguja, pengine yuko Maskati. Anayemfunga na kumfungua yuko Mtambile, naye analipwa kwa ndama. Ukimlipa mwenye mali peke yake, aliyekesha na mgonjwa bandani anaondoka mikono mitupu. Ukimlipa mfugaji peke yake, umeanzisha kesi. Kwa hiyo tunadai daftari la mifugo la kila shehia liandikwe majina yote mawili, pamoja na makubaliano yao, kabla mvua haijanyesha. Sheha asigeuzwe kadhi juu ya mzoga.

Kuchelewa nako ni kosa. Ukame wa 2008 na 2009 uliwamalizia mifugo wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro. Ng'ombe wa kuwafuta machozi walikabidhiwa zaidi ya miaka miwili baadaye. Kenya, mwaka 2015, ilianza Turkana na Wajir kuwakatia wafugaji bima inayopima malisho kwa setilaiti: majani yakipungua, pesa inatoka ili mtu anunue chakula cha mifugo ingali hai. Pemba haina nyika ya kupimwa namna hiyo, lakini tofauti ya kulipia majani na kulipia mifupa inaeleweka hata huku.

Na hilo neno lenyewe, kifuta machozi, linatukera. Anayefutwa machozi hushukuru akanyamaza, hata akipewa nusu. Anayelipwa stahiki yake huuliza risiti.

Wafugaji nao wasijifiche nyuma ya msiba. Wapo wanaomchinja ng'ombe mgonjwa usiku, nyama ikauzwa kabla ya alfajiri, kisha asubuhi wakaja kudai. Huo ni wizi, na ni sumu kwa jirani. Daktari wa mifugo aitwe mnyama angali anapumua. Wapo pia wanaoficha idadi kwa kuogopa jicho. Tunawaelewa, ila asiyehesabiwa asilalamike kuachwa.

Masika huanza Machi. Kabla yake, kiangazi, watu wa upande huu hukusanyika Kengeja kutazama mchezo wa ng'ombe, na fahali akiingia uwanjani hata watoto waliopanda juu ya miembe wanajua ni wa nani na anafugwa na nani. Ofisi yenye kalamu, karatasi na mshahara haina udhuru wa kutolijua hilo.